Kidole Gumba kwenye Fomu

Eldoret ilipewa hati ya kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024. Kesho yake nauli ya kutoka Kesses hadi tauni ilikuwa ile ile, makanga walikuwa wale wale, na mahindi ya kuchoma kando ya barabara hayakuwa yamepanda wala kushuka bei. Rafiki yangu wa Nairobi alinipigia simu kunipongeza, halafu akauliza, "Sasa meya wenu ni nani?" Nikacheka. Hatuna meya. Mameya waliondoka na mabaraza ya manispaa mwaka 2013, serikali za kaunti zilipoingia.

Na hata walipokuwepo, baba hunikumbusha, mwananchi hakuwapigia kura. Ulichagua diwani wako, kisha madiwani wakaingia ukumbini wakamchagua meya kati yao. Wewe ulisimama nje ukisubiri kusikia ni nani anashangiliwa. Leo jiji lina bodi na meneja, na hao pia hawaji kwako kuomba kura. Viti vya mtaani ambavyo bado tunapangia foleni ni gavana na mwakilishi wadi, yule tunayemwita MCA. Kwa hivyo ukitaka kujua kinachotokea uchaguzi wa mtaani unapozua utata na mtu akafikiria kwenda kortini, Kenya ina hadithi mbili. Ya gavana utaisoma gazetini. Ya MCA mara nyingi haiandikwi popote. Hiyo ya pili niliiona kwa macho yangu mwaka 2022, nikiwa nyuma ya kaunta ya saiba.

Saiba yetu ilikuwa steji ya Kesses, karibu na Chuo Kikuu cha Moi. Fotokopi shilingi 5, kuprinti shilingi 10. Makomredi walikuja kuprinti kazi za darasa zikiwa zimebaki dakika kumi, akina mama wakatafuta vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vijana wakajaza fomu za kazi. Stima ikipotea tulitoka kuota jua mlangoni.

Siku chache baada ya uchaguzi wa tarehe 9 Agosti, mzee mmoja aliingia na kijana wake. Sitamtaja jina wala wadi yake. Alitoka kaunti jirani, na alikuja hadi kwetu kwa sababu kijana wake alikuwa amepanga chumba hapo, na pia kwa sababu kwao kila mwenye printa alikuwa na upande wake. Alikuwa amegombea kiti cha MCA na akashindwa kwa kura 38. Hao ni abiria wa matatu tatu, tena ya tatu haijajaa.

"Mtoto," aliniambia, "nataka hizi picha zikae kwa karatasi. Kwa simu siwezi kuzielewa."

Picha zilikuwa za fomu 36A. Kura zikishahesabiwa kituoni, msimamizi wa kituo hujaza fomu kwa kila kiti: 34A ni ya rais, 36A ni ya MCA. Mawakala wa wagombea wanatia sahihi, wanapewa nakala, na nakala nyingine inabandikwa mlangoni ili kila mtu aone. Baadaye takwimu za vituo vyote vya wadi hujumlishwa kwenye fomu 36B, na hiyo ndiyo inayomtangaza mshindi.

Wadi yake ilikuwa na vituo 41. Picha zilizofika kwenye WhatsApp yake zilikuwa 33. Za vituo nane hazikuwepo. Wakala mmoja simu ilimzimia. Mwingine alienda nyumbani kulala, maana kura za rais huhesabiwa kwanza, na zamu ya MCA ilipofika usiku ulikuwa umeenda na mvua ilikuwa inanyesha. Mmoja alisema fomu aliipiga picha lakini bando likaisha, kisha simu ikaibwa. Mzee alisikiliza sababu zote hizo kijana wake akimsomea, akatikisa kichwa polepole kama mtu anayehesabu ng'ombe na kukuta wamepungua.

Kwa fomu za rais haikuwa hivyo. Mwaka huo tume iliziweka 34A zote mtandaoni, za vituo zaidi ya 46,000, na mtu yeyote mwenye bando angeweza kuzifungua akiwa kitandani. Nakumbuka makomredi wakishindana kujumlisha wenyewe. Lakini ukitaka fomu ya MCA, ilibidi wewe au mtu wako awe pale mlangoni, usiku ule, na simu yenye chaji.

Tulizipanga zile 33 juu ya meza, nikalinganisha moja baada ya nyingine na 36B. Thelathini na mbili ziliafikiana. Ya thelathini na tatu ndiyo iliyonikosesha usingizi. Wakala alikuwa ameshika nakala yake kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine, na kidole gumba chake kilikuwa kimefunika tarakimu ya katikati ya kura za mpinzani. Moja, kidole, mbili. Kwenye 36B kituo hicho kilikuwa kimeandikwa 172. Wakala aliapa kwamba msimamizi alisoma 112. Ile nakala yenyewe ilikuwa imelowa mvua ikaraukia mfukoni. Tofauti kati ya 172 na 112 ni 60, na mzee alishindwa kwa 38.

Niliikuza ile picha. Niliiongezea mwangaza, nikaipunguzia, nikaigeuza nyeusi na nyeupe. Juu ya ukucha palichungulia ncha ndogo ya wino. Kijana alisema hicho ni kile kikofia ambacho watu huweka juu ya moja. Mimi niliona kinaweza kuwa kichwa cha saba. Tuliitazama hadi macho yakauma. Kisha mzee akauliza swali ambalo bado sijasikia mwanasheria akiliuliza kwa urahisi namna hiyo: "Nani anaweza kutoa hicho kidole?"

Jibu ni moja tu: mahakama. Sanduku la kura likishapigwa sili, huwezi kwenda kuomba lifunguliwe kwa sababu una wasiwasi. Unahitaji amri ya hakimu au jaji.

Nilimprintia kurasa za Sheria ya Uchaguzi zilizomhusu. Kesi ya MCA inaanzia mahakama ya hakimu, na inapaswa kuamuliwa ndani ya miezi sita. Katiba, katika kifungu cha 87, inampa anayelalamika siku 28 tangu matokeo kutangazwa. Halafu kuna dhamana ya gharama: shilingi milioni 1 kwa anayepinga kura ya rais, 500,000 kwa mbunge au gavana, na 100,000 kwa MCA, inayowekwa ndani ya siku 10 baada ya kuwasilisha kesi. Hizo si pesa za wakili. Wakili ana zake. Na ukishindwa kesi, unaweza kuamriwa kulipa gharama za yule uliyemshtaki.

Mtu wa mjini anaweza kuona 100,000 kuwa si pesa nyingi kwa mtu aliyeweza kugombea. Lakini angalia kalenda. Uchaguzi wetu ni Agosti. Siku 28 zinaangukia kati ya Agosti na Septemba, na huku kwetu North Rift mahindi bado yamesimama shambani, mabichi. Yatavunwa Oktoba, Novemba. Mkulima wakati huo hana kitu cha kuuza isipokuwa mnyama, na mzee alikuwa ameshauza wanyama kwa ajili ya kampeni. Aliniambia, bila kulalamika, "Kama wangeniuliza hii maneno mwezi wa kumi na moja, ningekuwa na gunia." Walioandika siku 28 walikuwa na sababu zao nzuri: ushindi hauwezi kuning'inia milele. Ila mwenye akaunti benki haoni tofauti kati ya Agosti na Novemba, na mkulima anaiona.

Wenye pesa nao, hata wakifika mahakamani, siku zinawafuata huko huko. Baada ya uchaguzi wa 2013, Suleiman Shahbal alipinga ushindi wa Hassan Joho, gavana wa Mombasa. Sheria wakati huo ilihesabu siku 28 kuanzia matokeo yalipochapishwa katika gazeti rasmi la serikali; Katiba ilihesabu kuanzia yalipotangazwa. Februari 2014 Mahakama ya Juu ikasema Katiba ndiyo inayotawala, na kesi ya Shahbal ikawa imechelewa. Nairobi nako, Ferdinand Waititu alishindwa na Evans Kidero Mahakama Kuu, akashinda Mahakama ya Rufaa Mei 2014, na mnamo Agosti mwaka huo Mahakama ya Juu ikamrudishia Kidero kiti kwa sababu rufaa ya Waititu ilikuwa imewasilishwa nje ya siku 30 zinazoruhusiwa.

Zisome tena kesi hizo mbili. Mwishoni kabisa, jambo lililoamua halikuwa nani alipata kura ngapi. Lilikuwa tarehe.

Na hata ukiwahi, kuna mlango mwingine. Kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi kinamwambia jaji asifute uchaguzi kwa kila kosa dogo, kama uchaguzi ulifuata misingi ya Katiba na kosa lenyewe halikubadilisha matokeo. Homa Bay mwaka 2017, Oyugi Magwanga alipinga ushindi wa Cyprian Awiti. Mahakama Kuu ilifuta ushindi huo Februari 2018, Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo, kisha Februari 2019 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Mwaka mmoja na nusu tangu uchaguzi, mahakama tatu, na mtu akabaki pale pale alipokuwa.

Nilipokuwa nikisoma mambo haya usiku, nilijikuta najiuliza kama kuna maana yoyote. Kama korti inaangalia tarehe, na sahihi, na kama kosa ni kubwa au dogo, si afadhali mtu anywe chai yake alale?

Jibu nililipata nilipokumbuka kwamba ninaishi wapi.

Mwishoni mwa 2007 aliyetangazwa kushindwa urais alisema hataenda mahakamani, kwa sababu hakuziamini. Wengi waliona ana haki ya kutoziamini. Basi malalamiko yale, kwa kuwa hayakuwa na mahali pa kwenda, yalikuja kwetu. Yalikuja barabarani, yakaja kwenye maboma. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa lilichomwa Kiambaa, pembeni mwa Eldoret, watu wakiwa wamejificha ndani, wengi wao akina mama na watoto. Kufikia mapatano ya Februari, zaidi ya watu 1,100 walikuwa wamekufa nchini. Baadaye tume ya Jaji Kriegler ilichunguza uchaguzi huo na kusema matokeo yalivurugwa kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Watu walikufa kwa ajili ya jibu ambalo halikuwepo.

Mimi nilikuwa na miaka minane. Ninachokumbuka si siasa. Nakumbuka mashine ya kusaga unga ya jirani yetu ikikaa kimya siku moja, kisha wiki, kisha mwaka. Mwenyewe aliondoka usiku na familia yake na hakurudi. Nilicheza na binti yake. Kwa muda mrefu tulibeba mahindi hadi mbali kwenda kusaga, na hakuna mtu mzima nyumbani aliyetaja kwa nini.

Kwa hivyo, kwangu, korti si mahali pa kupata ukweli wote. Ni mahali pa kupeleka hasira ili isije nyumbani kwa jirani. Mtu aliyeshindwa anahitaji mtu mwingine, asiye wa upande wake wala wa mwenzake, amwambie mbele ya watu: tumefungua sanduku, tumehesabu, hii hapa. Akiambiwa hivyo anaweza kukasirika, anaweza kulia, lakini ana pa kuanzia kukubali. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea Afrika. Hata wale walioumia waliona kwamba yule mlango unaweza kufunguka.

Tarehe 5 Septemba 2022, Jumatatu, mlango huo ulikuwa ukitazamwa na nchi nzima tena. Mzee alikuwa saiba kwetu. Tuliweka simu ikiegemea printa, tukamsikiliza Jaji Mkuu Martha Koome akisoma. Majaji saba, kauli moja: William Ruto amechaguliwa kihalali. Nje steji ilipasuka kwa furaha, kwa maana huyu alikuwa mtu wa kaunti yetu. Bodaboda zilipiga honi, watu walikata matawi wakacheza. Kesi ya urais ilikuwa imewasilishwa siku saba baada ya matokeo na kuamuliwa ndani ya siku 14. Mzee alifurahi pia, alimpigia kura. Halafu akainamisha kichwa kwenye meza yangu, kwenye zile karatasi 33, na akahesabu kwa vidole. Matokeo yake yalitangazwa tarehe 11 Agosti. Siku hiyo ilikuwa ya 25.

"Ya rais imeisha," alisema. "Yangu haijaanza."

Nilimuuliza kama wazee wa kwao wangeweza kuwakalisha yeye na mwenzake. Akanieleza kuhusu kokwet, baraza la kijiji kwetu Wakalenjin, watu wakikaa chini ya mti na kila mmoja akipewa nafasi ya kusema mpaka neno linaiva. Kokwet imemaliza kesi za mipaka, za ng'ombe, za ndoa. "Pale hulipi laki moja ndio ukae kwa nyasi," alisema, na kwa mara ya kwanza akacheka. Lakini kokwet haiwezi kufungua sanduku la kura. Na mti wenyewe, alisema, sasa wako watu ambao hawataki kukaa chini yake pamoja.

Siku tatu zilizobaki alijaribu. Najua alipiga simu nyingi, kwa sababu kijana wake alikuja kununua kredo mara nne kwa siku. Wakili mmoja alikubali lakini kwa malipo ya mbele. Shemeji yake aliahidi elfu thelathini. Alhamisi tarehe 8 Septemba ikapita.

Ijumaa alikuja peke yake. Aliniomba nizishone zile karatasi pamoja, niwekee jalada la plastiki mbele na nyuma kama kitabu. Shilingi 100. Nikamuuliza, "Mzee, utaipeleka wapi?" Akasema, "Nitaiweka. Watoto wa watoto watauliza." Alilipa, akashukuru, akaenda kupanda matatu ya Cheptiret.

Kijana wake bado tunaonana. Ananiambia kwao mpaka leo kuna makundi mawili. Moja linasema waliibiwa kura 60 katika kituo kile. Lingine linasema mzee alishindwa na hataki kukubali. Wanakutana kwenye matanga na kusalimiana kwa adabu, lakini kwa dipu ya ng'ombe wanaenda siku tofauti. Hakuna aliyechoma nyumba ya mtu, na kwa hilo namshukuru Mungu. Ila yule aliyeshinda naye hajapata raha. Kama zilikuwa 172 kweli, basi ameshinda kihalali na nusu ya wadi inamwita mwizi, na hana namna ya kujisafisha, kwa sababu hakuna aliyemshtaki. Hili sikulifikiria mwanzoni. Nilidhani gharama ya korti inamuumiza aliyeshindwa tu.

Najua kwa nini dhamana ipo. Bila hiyo kila aliyeshindwa angeshtaki ili kumsumbua mwenzake, na mahakimu wangefanya kazi hiyo tu miaka mitano. Lakini kwa tofauti ya kura 38 katika vituo 41, kuhesabu upya kituo kimoja tu ni kazi ya asubuhi moja. Fomu za MCA zingeweza kuwekwa mtandaoni kama za rais. Zikishapigwa picha kwa kiti kimoja, kamera haichoki kwa kiti cha pili. Na nchi inayoweza kuamua kesi ya urais kwa siku 14 inaweza kumtafutia mkulima njia ya kuuliza swali moja bila kusubiri gunia la Novemba.

Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Wengi wenu mtafuata ya rais kwa simu, mkijumlisha na kubishana usiku kucha, na hata mimi nitafuata. Lakini kama kuna mgombea wa wadi yako unayemjali, au hata kama humjali, jitolee kuwa wakala. Chaji simu, beba pawabenki, beba sweta, kwa sababu Agosti huku ni baridi. Kaa mpaka kura za MCA zihesabiwe, hata kama ni saa tisa usiku na wenzako wamelala kwenye madawati. Fomu ikijazwa, soma kila namba kabla ya kutia sahihi. Kisha ilaze mezani, toa mkono, na upige picha.